Masale ya Mwaka wa Sabini na Nne

Jumanne saa nne asubuhi, Eunike alibana shuka jeupe kwa vibanio vinne kwenye ukuta wa ghala la kahawa, akaziba madirisha kwa mablanketi na kuwasha projekta aliyoiazima kutoka kwa kwaya. Alikuwa na miaka sitini na sita. Asipothibitisha siku hiyo mahali yalipokuwa masale ya baba yake, mimea ya mpaka ambayo hakuna Mmeru anayeing'oa mchana, mshili Aminiel, mzee wa mashauri ya ukoo, angefunga shauri, na hatua kumi na mbili za kahawa na migomba zingebaki kwa jirani yake, Gerson.

Gerson alitangulia na ushahidi wake: filamu iliyopigwa mwaka jana na vijana wa Themi katika mashamba hayo hayo. Picha ilikuwa safi hata umande ulionekana. Lakini kila kitu kilikatwa kabla jicho halijatulia. Kamera iliruka juu ya migomba, ikashuka, ikageuka, na wazee walipojaribu kuhesabu masale, hakuna aliyefika la tatu.

"Mpaka umeonekana," Gerson alisema.

"Umeonekana wapi?" mshili akauliza.

"Umeshapita."

Ikafuata filamu ya Eunike, hadithi ya mapenzi iliyopigwa mashambani humo mwaka wa sabini na nne, aliyoitafuta kwa miaka miwili. Gerson alidai kwamba filamu za zamani ni duni, na kwamba lenzi za wakati ule zilisogeza vitu. Eunike alijibu kwamba watu wa enzi ile walau hawakuwa na haraka. Wapenzi wawili wa hadithi waliondoka kwa gari, na kamera ikabaki pale dakika nne nzima, ikimtazama mtu akipogoa kahawa kando ya masale. Mtu huyo alikuwa Nathanaeli, baba yake Eunike, aliyezikwa mwaka wa tisini na nane.

Katika dakika ya pili Nathanaeli aliacha kupogoa, akawatazama waliomo ghalani. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Alimwona mwanamke mwenye mvi mstari wa mbele, akampa heshima yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Eunike akaitikia, maana kumsahihisha kungepoteza muda. Zilibaki dakika mbili.

Mshili aliuliza mpaka uko wapi. Nathanaeli aliweka kiganja juu ya sale lililo kando ya jiwe kubwa, jiwe ambalo leo liko katikati ya shamba la Gerson. Alisema masale hayo aliyapanda pamoja na baba yake Gerson, wakiwa wamekubaliana. Akakaza macho.

"Gerson, umezeeka vibaya. Nani ameyahamisha?"

Gerson alitoka nje. Eunike alitambua anachokifuata, akasimama kumzuia. Mshili akamwamuru akae. Gerson alirudi na jani la sale lililofungwa fundo, akapiga magoti mbele ya shuka. Aombwaye msamaha kwa jani hilo hakatai; hata wauaji wamesamehewa kwalo.

"Usilipokee, baba. Shamba ni langu sasa."

Nathanaeli alimtazama kama mtu amtazamavyo mgeni asiyejua mila. Akautoa mkono nje ya shuka hadi kiwikoni, akalipokea jani, akarudi kwenye kahawa yake.

Mshili alitangaza kwamba aliyekosewa amesamehe, na aliyesamehewa hadaiwi. Eunike aliuliza kama msamaha huo unayarudisha masale. Iliandikwa kwamba ameuliza.

Hakuna aliyeondoka. Waliitazama filamu hadi mwisho, na wote wakaafikiana kwamba za siku hizi hazifui dafu. Gerson alikuwa wa kwanza kukiri.

"Zamani kulikuwa na watu," alisema, akipangusa vumbi magotini.

Eunike alikunja shuka, ambalo halikuwa limetoboka popote, akarudi nyumbani kwa njia ndefu, kwa kuwa ile fupi inapita shambani kwa Gerson.