Uzi Usio na Alama

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Nafundisha chuo cha mafundi wa maabara. Siku ile somo lilikuwa namna bakteria wanavyosahihisha makosa wakinakili DNA. Nikachora nyuzi mbili ubaoni: mmoja wa zamani wenye alama zake, mwingine mpya, ambao kwa dakika chache unakuwa haujawekwa alama. Protini ya ukaguzi ikikuta herufi zisizolingana, nikasema kwa mbwembwe, hukatwa uzi wenye alama.

Mkono ukanyooka nyuma. Alikuwa yule mama wa watoto watatu aliyerudi kusoma baada ya miaka kumi na tano, darasa zima tukimwita Bi Mkubwa.

"Samahani mwalimu. Si unakatwa ule usio na alama? Wa zamani ndio wa kuaminiwa."

Badala ya kutazama kitabu, nikawaka. "Ehee! Basi njoo ufundishe wewe, mimi nikakulelee watoto!"

Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Naye alicheka kidogo, akainamisha kichwa, akaandika.

Jioni nikafungua kitabu. Alikuwa sahihi. Mdudu asiyeonekana kwa macho anajua pa kukata, mimi na shahada yangu sijui! Lo, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kitabu kilisema pia kwamba ukaguzi ukichelewa, uzi mpya nao huwekwa alama, na hapo ni vigumu kujua kosa liko upande gani. Nikaapa kusahihisha kesho. Lakini niliona haya, kesho ikazaa keshokutwa, na wiki ikapita ndipo nikakusanya madaftari.

La kwake lilikuwa safi. Sentensi yake sahihi, aliyoiandika nyumbani kabla ya somo kama tarehe ilivyoonyesha, ameikata kwa mstari. Juu yake, kwa wino mwekundu, ameandika kosa langu.

Nikaingia darasani na kitabu mkononi. "Nilikosea mimi. Bi Mkubwa alikuwa sahihi, nami nikamvunjia heshima mbele yenu. Dada yangu, nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Nikampelekea kitabu, nikaweka kidole kwenye mstari wenyewe. Akausoma, akausoma tena, kisha akanitazama kwa huruma.

"Usijisumbue mwalimu," akasema taratibu. "Labda kitabu ndicho kimekosea."