Wiki ya Nyuma ya Pazia

Mwalimu Mutiso aliirudisha kazi ya Ivyne Obuya bila alama. Pambizoni, mahali pa wino mwekundu, alikuwa ameandika kwa penseli: "Jogoo huyu nimekwisha kumla katika tafakuri kumi na saba mwaka huu. Njoo tuzungumze."

Ilikuwa Septemba 2006, na Ivyne alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa fasihi katika chuo kimoja katikati ya jiji la Nairobi. Somo walilopewa lilikuwa rahisi kwa jina: waandike tafakuri juu ya likizo moja ya familia, na waseme likizo hiyo iliwafunza nini kuhusu kusoma. Ivyne alichagua Disemba 2000. Aliandika habari za kijiji chao huko Bunyore, magharibi mwa Kenya, moshi wa jikoni kwa nyanya, wajomba wakicheka uani, na jogoo aliyechinjwa asubuhi ya Krismasi. Aliandika kwa sentensi zilizonyooka, akazipenda mwenyewe.

"Keti, binti," mwalimu alimwambia ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kufunga kalamu kila alipotaka kusikiliza. "Huyu nyanya yako, jiko lake lina mlango upande gani?"

Ivyne alijaribu kukumbuka, akapata jiko la mwaka mwingine.

"Usihangaike. Mtu aliyekuwapo huandika na makosa. Hukumbuka mambo yasiyo na maana, kama sufuria isiyo na mfuniko. Wewe hapa huna kosa hata moja." Alifunga kalamu. "Hukuwako."

"Sikuwako, Mwalimu."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Hapa hapa Nairobi, Kabiria."

"Basi niandikie Kabiria."

Alimpa wiki mbili. Tafakuri tano bora zingesomwa mbele ya wazazi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na yake ingekuwa mojawapo iwapo ingeandikwa upya. Sharti lilikuwa moja, nalo mwalimu hakulilegeza kwa mwanafunzi yeyote: kila mtu aliye hai, anayetajwa ndani ya kazi, aisikie kwanza kabla ya wageni. "Kalamu isimvizie mtu," alisema.

Ivyne alishuka ngazi akiwa na hofu iliyokuwa na umbo la baba yake.

Zadock Obuya alikuwa karani wa bohari katika kampuni moja ya Kilimani hadi Oktoba 2000, kampuni ilipopunguza wafanyakazi. Nyumbani hakuwaambia majirani. Kila asubuhi aliendelea kuvaa tai na kutoka, akizunguka ofisi hata ofisi kutafuta kazi. Ikafika Jumapili ya tarehe 17 Disemba, siku ambayo kanisani kwao waliotarajia kusafiri makwao huitwa mbele, wakapangwa mstari na kuombewa na mchungaji. Zadock, kwa aibu ya kubaki kitini, alisimama, akawashika mkono mkewe Selpher na binti yake, wakapanga mstari pamoja na wengine. Mchungaji akawaombea madereva, magurudumu na vilima vya njiani.

Siku mbili baadaye waliaga wapangaji wa ploti nzima, mabegi mkononi. Lakini jijini walikuta nauli ya magharibi imepanda maradufu, na nauli aliyoiweka Zadock ilikuwa ile ya siku za kawaida. Akasimama kwenye foleni hadi saa saba, kana kwamba nauli ingechoka kabla yake. Kisha akawaongoza hadi bustani ya Jeevanjee, wakala mkate kwenye benchi. Alasiri mvua ikanyesha kwa nguvu. Wakati ambapo hakuna mtu Kabiria angetoa kichwa nje, waliingia nyumbani mwao wakiwa wameloa, wakafunga mlango na kuvuta mapazia.

Mtu aliyekwisha kuombewa safari hawezi kuonekana Jumatano akinunua mboga ya sukuma dukani. Basi walikaa ndani. Selpher alichemsha vyakula bila kukaanga kitunguu, kwa sababu kitunguu hakijui kutunza siri. Redio ilinyamaza. Nyanya wa Bunyore alikuwa ameandikiwa barua kutoka benchi lile la bustani, kwamba kazi imembana Zadock, hawatakuja. Kabiria nayo ilijua wamekwenda. Kwa wiki moja familia ile haikuwa mahali popote, wala hakuna aliyejua.

Siku ya pili Zadock alitoa chini ya kitanda kitabu cha mashairi alichokitumia shuleni, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, hivi kwamba hawakujua ni cha nani. Akawasomea kwa mnong'ono. Shairi hutaka kughaniwa, na yeye hakuweza kughani. Kwa hiyo aliuchukua mkono wa binti yake, akawa anagonga mizani kiganjani kwa kidole, nane na nane, kila kipande. Ivyne alijua mizani kwa ngozi kabla ya kuijua kwa sikio. Kila alipokaa darasani na wenzake wakabishana kuhusu arudhi, yeye alikunja kiganja chini ya dawati.

Haya yote aliyaandika kwa siku nne. Katikati ya tafakuri akatia ubeti wake mwenyewe:

*Jirani tuliagana, wajue tu safarini,*
*Barua nayo yanena, tungali huku mjini,*
*Mapazia yashikana, mwanga haupiti ndani,*
*Tulipo hapana jina, mwatuita watu gani?*

Kazi ilikuwa imekamilika, na sasa ilikuwa na miguu ya kwenda kwa wenyewe.

Alianza kwa mama yake, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi. Selpher alisuka nywele Kenyatta Market, katika kibanda cha viti vitatu kilichopakana na wachoma nyama, na moshi wa mbavu uliingia mle bila hodi. Siku hiyo alikuwa amemshika mteja kichwa, msuko umefika katikati. Ivyne alisoma akiwa amesimama, sauti ya chini. Mama hakuinua macho.

"Hapo kwa kitunguu umesema kweli," alisema mwishoni. "Lakini umeniandika kama mtu alikuwa amenyamaza tu. Mimi nilimwambia baba yako kanisani, 'Baba Ivyne, keti.' Nilimvuta koti."

"Sikujua, mama."

"Utajuaje na ulikuwa unaangalia viatu zako mpya?"

Mteja akacheka hadi msuko ukamponyoka Selpher. "Mama Ivyne, kumbe na nyinyi? Sisi mwaka mmoja safari ya ushago, kijijini, iliishia Kikuyu tu hapa karibu, tukakaa kwa shangazi wiki mbili, tukarudi na hadithi za Kisumu."

"Wewe tulia, nitakusuka sikio." Kisha Selpher akamgeukia binti yake, na mzaha ukamtoka usoni. "Mimi niandike unavyotaka. Lakini baba yako ni kitu ingine. Hiyo wiki hajawahi kuitaja, hata kwangu. Ukimsomea, msomee mchana, akiwa amekula. Na akikataa, Ivyne, usibishane na yeye juu ya masomo."

Jumamosi iliyofuata, alasiri, Zadock alirudi kutoka Kawangware, alikokuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikula, akanawa, akaketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alimwita binti yake Mama, kwa kuwa jina la nyumbani la binti huyo lilikuwa la mama mzazi wa Zadock.

"Mama, nasikia una barua yangu."

"Si barua, baba. Ni kazi ya shule. Lakini umo ndani."

Ivyne alisoma yote kwa sauti. Alipomaliza hakuinua kichwa. Alisikia baba yake akivua miwani, akiifuta kwa ncha ya shati, akiivaa tena.

"Umeandika vizuri," alisema Zadock. "Lakini umenikosea mahali pawili."

"Niambie."

"Umesema nilisimama kanisani kwa sababu ya aibu. La. Siku ile niliamini tunaenda. Nauli nilikuwa nayo mfukoni, mama yako akinivuta koti. Sikusimama kudanganya watu. Uongo ulianza kwenye foleni, si kanisani. Mtu akiniita mwongo, nataka aniite kuanzia mahali penyewe."

Ivyne aliandika pambizoni.

"Na pa pili?"

"Umesema hakuna aliyejua." Zadock alitazama nje. "Mama Ciru alijua."

Mama Ciru ndiye aliyekuwa mwenye ploti, mjane ambaye babu za mumewe walilima hapo kabla ya Kabiria kuwa na nyumba za kukodisha. Yeye hakuwa na kwingine kwa kwenda Krismasi. Kwao ni pale pale.

"Siku ya tatu," baba yake alisema polepole, "nilichungulia nikamwona anaanika shuka mbele ya dirisha letu. Kamba alikuwa nazo tatu, mbili tupu. Kesho yake akazitoa zikiwa zimekauka, akazilowesha kwenye karai, akazianika tena pale pale. Wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja kwake kunywa chai. Nikaelewa anatuficha. Miaka sita kila nikikutana naye langoni, mimi ndiye natazama chini."

Ivyne alizikumbuka sasa zile shuka. Alikuwa amezichukia kwa kuzidisha giza hadi ukurasa usisomeke.

"Basi soma," Zadock alisema. "Sikukatazi. Umeisomea haki hiyo. Ila Jumamosi ya kusoma nitakuwa kazini."

Duka lilifungwa saa saba kila Jumamosi, nao wote wawili walijua. Ivyne aliona kwamba ruhusa aliyopewa ilikuwa kama kuonyeshwa mlango kwa adabu. Angeweza kuichukua. Angesoma mbele ya wazazi wa wengine, wapige makofi, na nyumbani baba yake angeendelea kutazama chini, safari hii mbele ya watu wawili, Mama Ciru na yeye.

"Kuna sharti, baba. Kila anayetajwa aisikie kwanza. Kama Mama Ciru anaingia, lazima nimsomee."

"Mtoe."

"Umesema mwenyewe nimekosea kwa kumwacha."

Kwa mara ya kwanza siku ile, tabasamu likamgusa Zadock upande mmoja wa mdomo. "Hiyo ndiyo wanakufundisha huko kwenu? Kumfunga mtu kwa maneno yake?"

"Ni wewe ulinifundisha kusoma."

"Lakini neno la nyumba halipelekwi na mtoto peke yake," alisema, akasimama kutafuta koti.

Mama Ciru aliwakaribisha bila kuuliza shida. Alitoa thermos na vikombe, akaweka mkate. Ivyne alifungua karatasi zake, lakini baba yake aliweka mkono juu yazo.

"Wacha nianze mimi."

Akaanza. Alisimulia kampuni, tai, nauli, benchi la bustani, mvua. Hakupamba. Alisema mambo ambayo Ivyne hakuyajua, kwamba kwenye benchi alimhesabu kila mtu aliyepita akitafuta uso wa kukopa, na kwamba usiku wa Krismasi Selpher alilia akiwa amefunika kikohozi kwa mto. Alikiri hata ndizi. Walipotoka mafichoni, kwa kuwa msafiri harudi mikono mitupu, alinunua mkungu Kawangware akamletea Mama Ciru, akimwambia zimetoka Bunyore.

"Nilikuletea uongo kwa mkono," alisema, "na ukanishukuru."

Mama Ciru alikuwa amesikiliza kikombe kikiwa hewani. Akakishusha.

"Baba Ivyne, kwani ndio mnarudi leo? Mmekawia."

Zadock aliinua kikombe chake, akakuta kitupu.

"Mimi nilijua siku ya pili. Hiyo kikohozi ya Mama Ivyne naijua, nimeisikia kwa ukuta miaka mingapi? Nikataka kubisha niwaletee maziwa. Halafu nikasema, hawa watu wameombewa na mchungaji mbele ya kanisa. Mimi ni nani nizuie safari imeombewa? Waache wasafiri." Alimwongezea chai bila kumuuliza. "Na ndizi zilikuwa tamu. Hizo nilijua ni za Wainaina, muuza ndizi wa Kawangware, zilikuwa bado na ile kamba yake ya buluu. Lakini hakuna mtu mwingine aliniletea kitu mwaka huo. Watoto wangu wenyewe hawakuniletea."

Zadock alicheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapanda, hadi akalazimika kuvua miwani tena. Mama Ciru naye akacheka, kwa ile adabu ya kucheka baada ya mwenye kuumia.

Ivyne alikuwa amezikunja karatasi magotini. Alitambua kwamba aliyoandika yalikuwa na ukweli wa msichana aliyeketi upande mmoja wa pazia, na kwamba ingebidi aandike upya kuanzia benchi. Hakuona uchungu. Alitafuta kalamu.

"Sasa hiyo kusoma ni wapi?" Mama Ciru aliuliza. "Mimi nitaruhusiwa, ama ni ya wenye shule?"

"Ni ya wazazi na wageni wao, mama. Ni Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Chuoni, mjini." Ivyne alisita, kwa kuwa sehemu iliyobaki hakuthubutu kuisema akimtazama baba yake. "Sijui kama..."

"Saa nane," Zadock alisema. Alikuwa akiivaa miwani, akiisawazisha puani kwa utaratibu wa karani. "Duka linafungwa saa saba. Mama Ciru, tutaondoka pamoja, mimi, wewe na Mama Ivyne. Tutaketi mbele, maana nyuma huwa hakusikiki vizuri."