Lori Lililoupa Mlima Mgongo

Lori lilizimika pale pale lilipozimika walipojaribu kupanda mara ya kwanza, kwenye mpando mkali wa kutoka Kaoze. Mwinjuma, mwenye duka Sumbawanga, alishuka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Lilikuwa lori lake la kwanza, na mjini wengi walikuwa wamemcheka alipolinunua kwa Mhindi likiwa kuukuu.

Lakini leo hakuwaza kicheko. Juu ya magunia ya mpunga alilala Zenon, mwalimu wa shule ya misheni, mguu umevunjika na kidonda kimeanza kunuka. Daktari alikuwa mjini. Wasipofika leo, mguu ungekatwa, au Zenon angezikwa nao.

"Mtani," aliita Adela, mke wa Zenon, aliyekaa kando yake, "hiki chombo kina petroli, au Wanyamwezi mnakinywesha togwa?"

"Ipo, mama. Tangi liko chini ya kiti, petroli inateremka yenyewe hadi kwenye injini. Sasa mlima umeliinua pua, injini imekuwa juu kuliko tangi. Umeona wapi maji yakipanda kilima?"

Adela aliutazama mlima. "Sisi Wafipa tukilima intumba, vile vilima vya shambani, nyasi za juu tunazifukia chini, udongo wa chini unakaa juu. Vile vilima ndivyo vinavyotupa ulezi. Hili lako haligeuzwi?"

"Lori likipinduka tunakufa wote!"

"Hajasema lipinduke," alisema Zenon kwa sauti ya homa. "Darasani nawafundisha watoto: kinyume cha kujumlisha ni kutoa. Kinyume cha kwenda mbele je?"

Mwinjuma aliinua kiganja, vidole juu kama pua ya lori linalopanda. Kisha akakigeuza: mkia juu, pua chini. Tangi juu, injini chini.

"Lahaula! Watu watasema napanda mlima kwa makalio."

"Waseme," alisema Adela. "Mimi na jembe langu tunalima tukirudi nyuma miaka yote, na sijalala njaa."

Waliliteremsha taratibu hadi penye uwanda, wakaligeuza. Mwinjuma alitia gia ya kurudi nyuma, akageuza shingo. Adela alitangulia kwa miguu, akionyesha njia kwa mikono: kushoto, kulia, hapo hapo, njoo.

Kwenye ule mpando injini ilikohoa. Mwinjuma akashika usukani kwa nguvu. Ikakohoa tena, ikanguruma, ikapita. Kona baada ya kona mkia ulitangulia, mpaka wakafika juu, upepo wa baridi wa Ufipa ukawapiga usoni. Adela akapiga vigelegele, na wanawake waliokuwa wakilima kandokando wakamjibu bila kujua wanashangilia nini.

"Sasa geuza, mtani," alisema akipanda, "tuwahi."

Waliwahi. Mguu haukukatwa.

Mavuno yalipokwisha, Zenon alifika dukani kwa Mwinjuma akitembea kwa fimbo. Wateja walimwona akisita mlangoni. Kisha akageuka, akaingia kinyumenyume, na Mwinjuma akacheka mpaka akaiangusha mizani.