Sara Alisema Nini

Jioni ile Elieza alifungua Biblia kwa mara ya kwanza tangu lori liwashushe katika kijiji kipya, ng'ambo ya Kigwa. Nyumba yao ilikuwa bado haina paa. Kuta za fito na udongo mbichi zilinukia mvua, na juu yake mbingu ilikuwa ikigeuka zambarau. Nyamizi, mkewe, aliketi mkekani, binti yao mdogo Kabula amejilaza mapajani pake. Silasi, kaka mtu, alishika koroboi karibu na ukurasa.

Elieza alisoma jinsi Abrahamu alivyoambiwa aiache nchi yake na nyumba ya baba yake, akaondoka na Sara mkewe. Alisoma taratibu, na Nyamizi akaanza kuona. Aliona watu wakipita njia ya zamani ya misafara, chini kule mbugani, mbuzi mbele, vumbi likipanda bila kishindo. Nyuma kabisa alitembea Sara, kibuyu kichwani, kanga yake imefifia kama ya Nyamizi.

"Na Sara alisema nini?" Kabula aliuliza.

Elieza alipitisha kidole kwenye mistari. "Haikuandikwa, mwanangu."

"Alilia," Nyamizi alisema. Hata yeye alishtuka kujisikia akisema hivyo. "Alifagia nyumba, akafunga mlango, halafu akalia njia nzima."

"Mungu akamkasirikia?" Kabula aliuliza.

"Hapana, mama. Walitembea pamoja, Sara analia."

Elieza akafunga kitabu kidole kikiwa ndani.

"Mama Silasi, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba Silasi."

Treni ilipita mbali, na watoto wakaisikiliza hadi ikaisha.

Jumamosi, kabla jua halijawa kali, wote wanne walirudi kwenye nyumba yao ya zamani. Majani yalikuwa yamefika hadi mlangoni. Nyamizi alisimama uani akalia mpaka akatosheka, na Elieza akawazuia watoto wasimharakishe. Kisha akamwuliza anataka kuchukua nini.

Alitaka jiwe la kusagia, lile alilokatazwa kulipakia kwenye lori siku walipohamishwa. Elieza alilibeba begani, akipumzika kila kivulini, huku Silasi akimcheka. Walipofika, Nyamizi alilisafisha kwa maji, akasaga ulezi kidogo, akapika uji.

Walikunywa uji ukiwa moto. Kisha Kabula akamletea baba yake Biblia, akajisogeza kwa mama.

"Ukifika kwa Sara," alisema, "mwache Mama asome."