Sombe ya Ng'ambo

Jumatatu ya kwanza ya Desemba mwaka 1996, saa nne asubuhi, Telesphory alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kibanda chake pale Katubuka mjini Kigoma, akiziba pancha ya baiskeli ya katekista, mama mmoja aliposimama mbele yake na ngoma mgongoni. Alikuwa ameifunga kwa kitenge, mahali pa mtoto.

"Mwakeye, mama," Telesphory alisema kwa Kiha, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Karibu."

"Jambo, baba. Bameniambia unatengeneza vitu vya fanfare."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini Telesphory alikuwa fundi baiskeli, na kwa miaka hiyohiyo alitengeneza pia ngoma na matarumbeta ya bendi ya misheni, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kazi hiyo kwa malipo ya sala. Mama akafungua kitenge. Ilikuwa ngoma ya gwaride, ile fupi ya kupigwa kwa vijiti viwili, yenye mwili wa shaba, pete mbili za mbao, na nyaya zinazopita chini ya ngozi ili zitetemeke. Ngozi ya juu ilikuwa imepasuka. Nyaya hazikuwapo. Ubavuni palikuwa na kibati cha kiwandani chenye mwaka 1931.

Mama huyo aliitwa Dainess, na alitoka Kazimia, ng'ambo ya ziwa. Ngoma ilikuwa ya marehemu mume wake, mpigaji wa bendi ya misheni ya huko kwao. Vita ilipofika kwao ilikuwa adhuhuri, na kila mtu alichukua kilichokuwa karibu na mkono wake. Jirani yake mmoja alivuka na kinu bila mchi. Yeye alichukua ngoma. Binti yake wa pekee, Merina, wa miaka kumi na sita, alikuwa amepanda mlimani kung'oa muhogo, na boti haikungoja.

"Nataka kuiuza," alisema. "Nilipe mutu wa boti arudi kumuchukua mutoto."

Haraka yake ilikuwa na sababu nyingine. Siku aliyofika, pale kituo cha mapokezi ya wakimbizi, karani aitwaye Pastory alimuuliza ana watoto wangapi. Dainess akasema mmoja, Merina. Pastory akauliza yuko wapi. Kwa kuwa hakuwa pale, na kwa kuwa kanuni ilisema anayeandikwa ni aliyepo, Pastory akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: hana mtoto. Asiye na mtoto wa kumngoja alipaswa kupanda lori la kambini zamu yake ikifika, na kutoka kambini kulihitaji kibali. Zamu ya Dainess ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu ya mwezi.

Telesphory akamaliza pancha, akaanza kazi. Aliloweka ngozi ya mbuzi, akaikwangua manyoya kwa kigae cha chupa, akaivisha ingali mbichi na kuiacha ijikaze yenyewe kivulini. Alisugua shaba kwa majivu na ndimu mpaka ikamwonyesha meno yake mwenyewe. Jumatano saa kumi alasiri alishika vijiti na kuijaribu kwa wimbo pekee wa gwaride aliokuwa akiujua, ule wa wanafunzi kupita mbele ya mkuu wa wilaya.

Ngoma haikutoa sauti. Ngozi ilicheza, vijiti viliruka, lakini hata mlio wa mti kugusa ngozi haukusikika. Telesphory akakaza skrubu zote nane, akapiga tena hadi mwisho wa wimbo, maana hakupenda kuacha kitu nusu. Kimya. Akaifunika kwa gunia, akaenda kula.

Kesho yake alikwenda ufukoni Kibirizi kununua migebuka, samaki wa ziwani. Boti mbili za watu zilikuwa zimeingia alfajiri, na mzee mmoja alikuwa akiosha miguu kwenye maji ya ufukoni, akizungumza na mwenzake kuhusu ngoma waliyoisikia ng'ambo jana yake saa kumi. Ilikuwa juu ya maji, alisema, na mpigaji haonekani.

"Shikamoo, mzee," Telesphory alisema. "Ililiaje hiyo ngoma?"

"Marahaba. Ilikuwa na mafua. Ililia puu, puu. Haikuwa na nyaya."

Telesphory akashukuru. Kilichokuwa kinamsumbua tangu jana kiliondoka: ngoma ilikuwa nzima, ila ililia upande wa pili. Alirudi Katubuka na samaki wake, akafumua waya wa breki ya baiskeli, akachagua nyuzi kumi na mbili zilizonyooka na kuzifunga chini ya ngozi. Saa kumi akapiga gwaride lake. Asubuhi akawa Kibirizi, akiwauliza walioshuka. Nyuzi zimekazwa mno, walimwambia, zinalia kama bati. Akalegeza. Sasa zinachelewa. Akakaza robo mzunguko. Hivyo ndivyo alivyoitengeneza ngoma ile, kwa masikio ya watu waliokuwa hawajafika, na sitaficha kwamba siku hizo alikuwa mtu mwenye furaha. Hakuna fundi Kigoma nzima aliyekuwa na kazi ya namna hiyo.

Jumatano iliyofuata alikuja Hamdani kutoka Ujiji. Hamdani alinunua vitu vya kale, saa za ukutani, cherehani za mkono, makufuli ya zamani, na kuwauzia wageni wa mashirika waliojaa mjini mwaka ule. Aliigeuza ngoma polepole. Kibati cha 1931 kilimpendeza. Pete za mbao zilikuwa zilezile za kiwandani, nazo zikampendeza zaidi. Kisha akaiona shaba inavyong'aa.

"Uliisugua?"

"Kwa majivu na ndimu," Telesphory alisema kwa fahari.

"Bwana we, umesugua miaka sitini na tano. Ule weusi ndio wateja wangu wanaoununua." Akakamata kijiti, akagonga. "Na haina sauti."

"Inayo. Iko ng'ambo."

Hamdani akaitikia kwa kichwa. Babu yake alitoka ng'ambo hiyohiyo. "Si neno. Wateja wangu hawapigi, wanaweka taa juu yake." Katika hesabu yake akatoa weusi, akatoa ngozi ya mbuzi iliyowekwa mahali pa ya ndama, akabakiza kibati na pete, akataja bei. Ilitosha boti kwenda na kurudi, na salio la kununulia unga. Dainess, aliyekuwa amekaa kando, akamwomba alete fedha kesho yake kule Kibirizi, mbele ya nahodha wa boti.

Nahodha alikuwa tayari, ila alikuwa na sharti moja. Angeweka boti ufukoni mwa Kazimia muda wa kuvuta sigara moja. Kupanda mlimani kutafuta mtu hakukuwamo.

Alhamisi hiyo, Dainess na Telesphory walipofika ufukoni na ngoma, boti moja ilikuwa inashusha watu. Telesphory akamfuata mama mmoja mwenye visigino vilivyopasuka, akamuuliza kama alisikia ngoma. Jana yake nyuzi zilikuwa zimekaa sawasawa kwa mara ya kwanza, naye alitaka kusifiwa.

"Nani hakusikia?" mama yule alisema. "Ile ndio ilituchelewesha. Kila saa kumi ngoma ya askari inalia juu ya maji. Watu banakimbia mulima. Na siku kwa siku inalia muzuri zaidi, tukajua banakaribia. Hakuna mutu anateremuka tena ufukoni. Sisi tulijificha chini ya boti ndani ya matete."

Telesphory akakaa mchangani. Kwa siku nane alikuwa akilikamilisha gwaride lile, na kwa siku nane alikuwa akiwafukuza watu kutoka kwenye maji. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, akasema hivyo kwa sauti, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Merina iko kule mulima?" Dainess alimuuliza yule mama.

"Mabinti bako wengi kule. Sikuuliza majina, mama. Ukikimbia hauulizi."

Hamdani alifika na fedha zake katika bahasha ya kaki. Nahodha naye akaja, akasimama kando akiangalia hali ya ziwa. Dainess akatazama bahasha, akamtazama nahodha, akafikiri juu ya boti inayokaa muda wa sigara moja kwenye ufuko usio na mtu. Kisha akafungua kitenge, akaiweka ngoma kati ya magoti yake.

"Hutauza?" Hamdani aliuliza.

"Acha kwanza nipige."

"Lakini hujui kupiga ngoma," Telesphory alisema.

"Sijui. Najua kutwanga."

Akavikamata vijiti vyote viwili kwa mkono mmoja kama mchi, akaanza kutwanga sombe, kisamvu cha kwao. Mapigo mawili mazito, moja jepesi, kisha kimya kifupi, ule muda wa kuyarudisha katikati majani yaliyopanda ukingoni mwa kinu. Kule kwao kila nyumba hutwanga kivyake, na mtoto anayerudi shambani hujua akiwa bado njiani kama kwao kunapikwa. Ufukoni hapakusikika kitu. Nahodha alingoja kiasi cha adabu, kisha akaenda zake kupakia dagaa. Hamdani akarudisha bahasha mfukoni, lakini hakuondoka mpaka jua lilipozama.

Zilibaki siku nane kabla ya lori. Dainess alitwanga kila siku tangu saa kumi mpaka jioni, na Telesphory alikaa pembeni akiangalia nyuzi zisilegee. Jumamosi watu wa Yungu, kijiji kingine cha ng'ambo, walishuka wakisema kule juu ya maji kuna mtu anatwanga sombe, na njaa imewauma. Jumatatu zilikuja boti tatu. Askari hawatwangi, walisema walioshuka, kwa hiyo waliteremka kutoka mlimani kuona ni nani. Jumanne Dainess aliota lengelenge kiganjani, akabadilisha mkono, na Jumatano walioshuka wakasema kwamba kule ng'ambo mama yule sasa anasikika akitwanga kwa kushoto. Aliogopa sana siku hiyo. Alimwambia Telesphory kwamba pengine Merina hayupo tena wa kusikia, na Telesphory akakaza skrubu moja ambayo haikuhitaji kukazwa.

Alhamisi, saa kumi na moja alasiri, boti iliingia ikiwa imejaa hadi kingoni. Msichana mrefu aliyevaa sketi ya shule akateremka na kupita katikati ya watu hadi mbele ya ngoma. Alisimama hapo akitazama vijiti.

"Mama, umetwanga sana," alisema. "Hiyo sombe imekwisha kuwa maji."

Dainess akaviweka vijiti chini. Alilia kwa kelele, bila kujali nani anaona, na Telesphory, ambaye hakuwa na undugu na yeyote pale, alilia naye.

Kesho yake asubuhi walikwenda mezani kwa Pastory. Alifurahi kwa dhati, hata akasimama kumpa msichana mkono. Ila fomu ya mama ilikwisha kutiwa sahihi nakala tatu na kupelekwa, na mtu aliyeandikwa hana mtoto hawezi kuwa mzazi wa mtu. Akamwandika Merina kwa mwandiko uleule mzuri: hana mzazi. Akampa biskuti mbili za wasio na wazazi. Siku hiyo mama alipanda lori namba mbili na binti lori namba nne, wakateremka kambi moja, wakajenga kibanda kimoja na kupewa namba mbili.

Ngoma ilibaki Kibirizi mikononi mwa Telesphory, kwa sababu ufukoni kulikuwa na akina mama wengine waliokuwa wakingoja watoto. Walijipangia zamu wenyewe, na kila mmoja alitwanga kama kwao. Hamdani alipandisha bei mara mbili, halafu akaacha kutaja bei. Siku moja alikuja na ngozi ya ndama aliyokuwa ameitunza dukani miaka mingi, akamsaidia Telesphory kuivisha, na boti za siku ile zikaleta habari kwamba sasa hata majani yanasikika yakilainika.

Kambini, kila siku ya mgao, karani wa huko alifungua daftari na kumuuliza Merina kama amempata mama yake. Merina alimwonyesha, yule pale, aliyeshika ndoo. Karani alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akasema, "Shikamoo, Mama Merina," akaitikiwa, kisha akakaa na kuandika: bado.