Shingo Wazi

Barua ya studio ilikaa kwenye mlango wa friji tangu mwanzo wa Julai, imebanwa na sumaku yenye umbo la jogoo, na kila nilipokwenda kuchukua maziwa nilisoma mstari uleule. Wasichana wote wa mwaka wa mwisho watapigwa picha ya kitabu cha shule wakiwa wamevaa kitambaa cheusi cha mahameli, mabega wazi, shingo wazi, na kitambaa kitatolewa na studio. Nguo nyingine tatu mje nazo wenyewe. Hizo tatu hazikunisumbua. Kilichonitia hofu ni shingo wazi, kwa sababu juu ya mtulinga wangu wa kushoto kulikuwa na kinundu cha ukubwa wa punje ya njugu, hakiumi, na nilikuwa nacho tangu Juni bila kumwambia mtu.

Mama alianza hivyohivyo. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama kwenye korido na mswaki mdomoni, nikamsikia akimwita baba kutoka bafuni: "Royce, njoo uguse hapa." Sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeomba afungiwe zipu ya gauni. Miezi kumi na minne baadaye tulimzika. Baba yangu, ambaye zamani akicheka majirani walijua timu yake imefunga, alinyamaza mwaka mzima. Alikuwa akila amesimama karibu na sinki, maana kiti cha mama kilikuwa mkabala na chake. Ndiyo maana niliapa hatajua, angalau si kabla ya mahafali. Nilijiambia pengine kitaondoka chenyewe, na kila asubuhi nilipapasa nikakikuta.

Siku ya kuchagua nguo alikuja shangazi Wanda, dada yake baba. Ana saluni mjini, na anaamini picha ya mwaka wa mwisho ni jambo zito kuliko harusi, kwa kuwa harusi unaweza kurudia, naye amerudia mara mbili. Alimwaga kitandani kila nguo niliyokuwa nayo. Mimi nikatenga zangu tatu: sweta ya shingo ndefu, shati la jinzi la kufunga vifungo hadi juu, na jaketi la bendi ya shule lenye kola ngumu.

"Callie," akasema, "unapigwa picha au unakwenda kuiba benki?"

"Nimezipenda."

"Agosti hii? Mississippi hii? Na sweta? Watakukuta umeyeyuka kwenye stuli, wapige picha ya dimbwi!"

"Shangazi, niache bwana."

"Sikuachi ng'o. Hiyo shingo imekukosea nini? Mimi ningekuwa nayo nisingevaa hata mkufu. Hebu ona yangu, imejikunja utadhani soksi."

Nilicheka, kwa sababu ukiwa na shangazi Wanda utacheka hata kama hutaki, lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda begani wenyewe. Nilikuwa nimejizoeza kujishika pale, nikijifanya nawaza. Akanyanyua gauni la njano la mikanda myembamba, lile la Pasaka, akaja kunipimia kifuani. Vidole vyake vikapita karibu kabisa na kinundu. Nikaruka nyuma nikagonga kabati.

"Ala! Nina upele?"

"Mikono yako ya baridi."

"Mikono ya baridi, mwezi wa nane," akasema, akanitazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha akalitundika gauni kwenye hanga. "Hili linakwenda, na sitaki ubishi. Jaketi la bendi sawa, umelitolea jasho. Shati, haya. Lakini hii sweta naichoma moto leo."

Hapo baba akatokea mlangoni, buti za kazini bado miguuni, ameshika kisanduku cha bluu. Nilikijua. Ndani mlikuwa na lulu za mama, ambazo alizivaa na mahameli ileile, katika studio ileile, mwaka wa tisini na tatu. Picha yake iko ukutani kwenye korido mpaka leo.

"Nilifikiri..." baba akakohoa. "Mama yako alivalishwa na bibi yako. Sasa sijui kama siku hizi bado mnavaa."

"Wanavaa, Royce," shangazi akasema kwa upole ambao si kawaida yake.

Baba akataka kunivalisha palepale. Akasogea na mkufu mikononi, na vile vidole vinene vinavyokaza mabomba ya maji kutwa nzima vilikuwa vinahangaika na kufuli dogo la dhahabu.

"Kesho, baba," nikasema haraka mno. "Nina jasho."

Akaitikia kwa kichwa, akazirudisha lulu kisandukuni taratibu. Niliona nimemuumiza, nikajichukia. Lakini hofu ilinishinda nguvu, niseme ukweli.

Kwenye studio tulipangwa foleni nyuma ya pazia. Juu mabibi wote, mahameli na lulu. Chini kaptura na kandambili, kwa kuwa picha inaishia kifuani. Anayevalisha ni Bi Nadine, mwenye studio, ambaye amewavalisha wasichana wa mji wetu zaidi ya miaka thelathini, mama yangu akiwamo. Alinizungushia kitambaa, akakibana mgongoni kwa vibanio vya nguo, akashusha kingo mpaka mabega yakawa wazi. Kisha akanivalisha lulu. Alipokuwa akizipanga shingoni kidole chake kikasimama.

Nilijua sasa atapiga kelele, atamwita shangazi Wanda aliyekuwa amekaa nje na jarida, na yote yataisha. Nusu yangu ilimwomba Mungu asiite. Nusu nyingine ilimwomba aite, tafadhali, aite sasa hivi.

"Usijali, mwanangu," akaninong'oneza. "Hicho tutakisafisha kwenye picha, kama chunusi tu. Hakuna atakayekiona."

Ndivyo tulivyo watu wa kwetu. Mume wa mtu akihama, tunapeleka bakuli la makaroni ya jibini na hatuulizi kitu. Mtu akikonda tunamsifu. Tuna adabu ya kuua mtu. Na mimi, kwa kuwa nimelelewa humohumo, nikasema, "Asante, Bi Nadine."

"Kidevu juu," akasema.

Bahasha ya picha ilifika wiki tatu baadaye, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimetoka kuosha nywele, nimevaa fulana ya mikanda, taulo mabegani. Baba alisukuma pembeni sahani ya bamia za kukaanga akazipanga picha mezani moja moja. Ya gauni la njano, ya shati, ya jaketi. Alipofika kwenye ya mahameli aliinuka, akaenda kuitoa ya mama ukutani, akaziweka sambamba.

"Shingo ya mama yako," akasema. Akacheka, kicheko kile cha zamani ambacho sikukisikia kwa miaka saba. "Njoo uone, Callie. Ileile. Haina hata doa!"

Nikatazama. Kweli haikuwa na doa. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiisubiri picha hii initulize, na badala yake niliogopa kuliko siku zote. Msichana aliyekuwa pale mezani alikuwa mzima, na baba alikuwa akimfurahia yeye. Kwetu mtoto akifa, picha ya mahameli ndiyo inayosimamishwa kando ya jeneza. Niliiona imesimama, laini hivyo hivyo, watu wakipita wakisema alikuwa mzuri. Na chini ya taulo, vinundu sasa vilikuwa viwili.

"Baba, hiyo picha imesafishwa."

"Imesafishwa nini?"

Nikaliondoa taulo. Nikatafuta maneno mengine, yoyote, sikuyapata.

"Njoo uguse hapa."

Tabasamu lilibaki usoni pake kidogo, akiwa amelisahau. Akaja akizunguka meza. Niliinua mkono nimwelekeze, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshafika. Vilipajua.

"Tangu lini?"

"Juni." Nikaanza kulia. "Nilitaka usijue mpaka mahafali. Naogopa, baba."

"Na mimi naogopa," akasema. "Vaa viatu."

"Ngoja nibadilishe nguo."

"Twende na hiyohiyo."

Tukatoka kwenye jua kali, nywele zangu zinachuruzika maji, shingo wazi, majirani wote wakiona. Hakuutoa mkono wake pale mpaka tulipofika kwenye pikapu.