Wivu wa Mpasua Mbao

Niliwaonea wivu watu wawili wasiokuwepo duniani. Walikuwa kwenye kitabu alichokisahau kwangu mpwa wangu Zaina: mpasua mbao kama mimi, aitwaye Kihiyo, na mzimu wa mti wa mkulo, mwanamume na mwanamume, wanapendana. Mzimu alitoka kwenye shina akauliza, "Mbona unakata bila hodi?" Kihiyo akaweka shoka chini. "Haya, hodi." Nikacheka peke yangu. Niliishia darasa la tano, nasoma kwa kidole, lakini kitabu kile kilinikamata siku tatu, kazi ikalala. Nilipofika pale walipohamia kibanda kimoja, nikakitupa. Nikajilaza palepale kwenye unga wa mbao, jua la mchana likiwaka na roho ikiniuma, usingizi ukanichukua.

Nikaota niko katika msitu ambao kila mti una mlango, na nyuma ya kila mlango watu wawili wanacheka. Akanipokea mtu mwembamba mwenye futi mkononi. "Naitwa Wivu. Twende kaka, nikupimie." Akapima mlango huu, akapima ule, akinitajia upana wa kila mmoja. Nikamuuliza wangu uko wapi. "Wako? Mimi napima vya watu tu. Muulize bibi yule."

Bibi alikuwa amekalia kisiki, kanga imemfunika mpaka puani, macho hayatulii. Jina lake Woga. "Karibu, mwanangu," akasema kwa upole. "Huu ndio mti wako. Wewe mwenyewe uliniita niukate. Mbelwa, mwenzako wa kazi, alikuwa shimoni chini ya gogo, wewe umesimama juu, mnavuta msumeno mmoja, unga wote unamwagikia yeye. Akainua uso akakuambia, 'Ndugu yangu, mimi na wewe tujenge nyumba moja, tuishi.' Wapakiaji wa mbao wakasikia. Ukageuka kunitazama mimi."

"Nikamjibu nini?" Nilikuwa najua.

"'Katafute mke, acha uchizi.' Wakacheka wote, na wewe ukacheka kuwapita."

"Bibi, uoteshe tena huo mti."

"Mimi nakata tu, mwanangu. Kuotesha sijui, na wala sijawahi kukudanganya kwamba najua."

Nikaamka na unga umenata shavuni. Nikaelewa. Sikumwonea Kihiyo wivu kwa sababu alipendwa. Hata mimi nilipendwa. Yeye aliulizwa, akajibu kama mtu.

Mbelwa aliondoka wiki ileile niliyomcheka, akaenda kupasua mbao Mufindi. Tangu hapo ni miaka kumi na saba. Nimeshaweka watu tisa shimoni badala yake, na hakuna aliyemaliza miaka miwili nami. Aliniandikia barua tatu, nikazichoma bila kuzifungua. Mama yake, aliyekuwa akituletea chakula msituni, alikufa mwaka wa nne. Kwenye msiba sikwenda.